Upande wa Nati

Kioo kilianguka mchana, saluni ikiwa na mteja mmoja tu. Bahati njema mama huyo alikuwa ameinamia sinki anaoshwa nywele. Kioo kilishuka na ukuta kikikwaruza, kikatua juu ya rundo la taulo. Pembe ya fremu yake ilikuwa imetoboa ukuta, ikaacha tundu lenye ukubwa wa sahani.

Nduta alibaki amesimama, mikono imejaa povu. Ndani ya lile tundu, upande wa pili, akaona uso wa Kawsar.

"Mama Shiru! Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna."

Basi. Nduta alichukua taulo akaliziba tundu. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana tangu mwaka uliopita.

Zamani ukuta huo haukuwepo. Walikodi pamoja chumba kimoja hapo Umoja, Nduta akasuka na kuosha nywele upande wa sinki, Kawsar akauza madera na mabuibui upande wa dirisha, katikati wakaweka pazia ambalo mara nyingi halikufungwa. Kawsar alikuja na anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, na chai ya maziwa, Nduta akaja na githeri, na mchana ukifika walivuta kigoda kimoja wakala. Binti zao, Shiru na Iqra, walifanyia kazi zao za shule juu ya marobota ya nguo.

Kisha Nduta akamwajiri kinyozi, Njogu, na wanaume wakaanza kuja kunyolewa. Wateja wa Kawsar wakanung'unika. Wangevuaje shungi kujaribu nguo na wanaume wako pale? Hilo Nduta angelielewa. Lililomchoma ni kwamba alifika asubuhi moja akakuta mafundi wa mwenye nyumba wanasimamisha fremu ya ukuta katikati ya chumba. "Kwani hukuambiwa?" fundi mmoja akamuuliza. Kawsar alikuwa pale pale, anakunja nguo, hainui macho. Jioni ukuta ulikuwa umesimama, nao ulikuwa bodi moja tu ya jipsam, nyembamba, iliyopigwa upande wa Nduta. Upande wa Kawsar fremu iliachwa wazi.

Ukuta ule ulizuia macho tu. Nduta alimsikia Kawsar akikohoa majira ya baridi. Alisikia vigelegele Iqra alipofaulu mtihani, wala hakwenda kutoa hongera. Na siku alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, alilia akijua anasikika. Hakuna aliyegonga mlango.

Kesho yake alimwita Ndinda, fundi aliyewahi kumtengenezea rafu. Ndinda aliokota skrubu zilizong'oka, bado zimevaa fisha zake, vile vipande vya plastiki vya kushikilia skrubu tunduni.

"Nani alitundika?"

"Mimi," Njogu akajibu. "Nilivuta kwa nguvu, ikakataa kutoka."

"Siku ya kwanza haitoki. Fisha ni ya ukuta wa mawe. Jipsam ni unga uliobanwa kwa karatasi, uzito ukikaa unaachia pole pole." Ndinda alichungulia tunduni. "Mama, kioo hiki kinataka mbao kwa nyuma, ishikane na fremu, halafu bolti zipite hapa zikazwe na nati kule. Lakini kule si kwako."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko. Usitundike kioo."

Nduta alivua aproni, akatoka, akazunguka. Zilikuwa hatua chache tu, lakini alisimama mlangoni kwa Kawsar kama mtu aliyepotea nyumba. Akaeleza shida yake akitazama nguo, si mwenye nguo. Kawsar alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kusogeza mabuibui kutoka kwenye ile fremu.

"Mwambie fundi aje," akasema.

Ndinda alikata mbao, akaiegemeza kwenye fremu upande wa Kawsar, akatoboa, akapitisha bolti mbili za kwanza. Halafu akasonya. Washa alizobeba, zile pete za chuma za kuwekwa kwenye bolti, zilikuwa ndogo mno, zingezama kwenye bodi. Akampa Nduta bisibisi azuie vichwa vya bolti, akamwonyesha Kawsar namna ya kuegemeza mbao kwa mikono miwili.

"Shikeni hivyo hivyo. Nafika hardware mara moja. Mmoja akiachilia, bodi yote itapasuka."

Wakashika. Njogu alikuwa ameenda kula. Nduta alisikia pumzi za mwenzake kwenye tundu, karibu na sikio lake.

"Mikono imechoka?" Kawsar akauliza.

"Bado."

Kisha Kawsar akasema, "Siku ile ulipolia nilikuja mpaka mlangoni kwako. Nikarudi."

"Kwa nini urudi?"

"Nilijiambia, nitaingia kwa uso gani?"

"Kwa huo huo ulio nao, Mama Iqra! Nilifiwa na mzazi, mimi. Ningeangalia uso?" Sauti ya Nduta ilipanda, bolti zikatikisika. "Na ukuta ungeutaka ungeniambia. Ningekubali. Ulikwenda kwa mwenye nyumba kwanza, kana kwamba mimi ni kelele tu za kuondolewa."

"Niliogopa ungesema nakuona mchafu."

"Kwani uliponyamaza nilifikiria nini?"

Nduta alihisi mbao ikilegea kidogo, kisha ikasukumwa tena kwa nguvu.

"Nilikosa," Kawsar akasema. "Nilikukosea mara mbili. Nisamehe. Na mama, Mungu amrehemu. Alikuwa akinituliza kila alipokuja, ananiita binti yake mwembamba."

Nduta hakuweza kufuta machozi kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Yakashuka yenyewe. "Na mimi sikuja kwa Iqra," akasema. "Nilisikia vigelegele, nikaongeza sauti ya redio."

"Niliisikia redio."

Ndinda aliporudi na washa pana aliwakuta wote wawili macho mekundu. Alimpa Kawsar spana akaze nati, akamwonya asizidishe, bodi isipondeke. Kioo kikapanda. Ndinda akaning'inia kwenye fremu ya kioo kwa uzito wake wote, nacho hakikutikisika.

Ukuta ulibaki. Wateja wa Kawsar bado waliuhitaji, na Nduta alikuwa amezoea kuwa na chumba chake. Mchana hawakurudia kula pamoja kila siku. Siku nyingine walikula, siku nyingine kila mtu alikuwa na haraka zake.

Wiki kadhaa baadaye Kawsar alitokea mlangoni kwa saluni na shungi limekaa upande.

"Mama Shiru, nataka kuleta cherehani ya umeme. Ina kelele. Nimekuja kukuuliza."

"Hapana," Nduta akasema. "Kelele za drai za nywele zinanitosha."

"Hata nikiiweka mbali na ukuta?"

"Chumba chako kina mbali gani?"

Wakabishana mpaka mteja aliyekuwa kitini akaweka simu chini asikilize vizuri. Kawsar akaondoka akilalamika, na muda si muda wakaendelea kubishana kupitia bodi, kila mmoja akiwa kazini kwake.