Nyasi za Sungura wa Keji

Elena hakuwa mtu wa kufundishwa kulisha mtoto, awe wa binadamu au wa sungura. Walipokimbia vita upande wa Kaya, walikula nyasi na majani ya porini hadi Oraba, mpakani, na binti yake alizikwa njiani akiwa na ukijani bado midomoni. Siku ile Elena aliapa kwamba nyasi hazitakuwa tena chakula nyumbani kwake, hata kwa kuku.

Sasa walikuwa Koboko, yeye na mjukuu wake Keji, na Keji alikuwa hataki kula. Amebaki mifupa mitupu, akiletewa sahani anageukia ukutani. Jirani yao Eyotaru, mkulima aliyezaliwa Abuku, alimhurumia akamletea watoto watatu wa sungura, walioachishwa kunyonya karibuni. Basi ikawa ajabu: sungura wakitafuna, Keji naye anatafuna. Wakiacha, anaacha. Elena alitamani kucheza ngoma uani.

"Mama Elena, hii watoto ya sungura tumbo yao iko laini," Eyotaru alimwonya, akitua mzigo wa nyasi. "Wape nyasi ya kukauka, mingi, na maji safi. Majani mabichi kidogo tu, ile imekaa jua ikalegea. Posho hapana."

"Nimesikia," Elena akajibu. Alisikia, ndiyo, lakini kusikia ni jambo moja na moyo wa Elena ni jambo lingine. Nyasi kavu! Kwa wageni waliomrudishia mtoto uhai! Jirani alipoondoka tu, aliutupa ule mzigo nyuma ya nyumba. Akasonga posho laini ya unga wa mahindi, akakata kabichi inayochuruzika maji, akaongeza viazi vitamu. Sungura walikula kwa pupa. Keji alikula nao, akaomba tena, na Elena akawaongezea wote bila kipimo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa.

Hazikupita siku nyingi, matumbo ya sungura yakavimba, wakaanza kuharisha. Mmoja alikufa alfajiri, wa pili akamfuata kabla jua halijapanda. Keji aliwagusa kwa kidole wala hakulia.

Eyotaru alikuja, akachungulia kwenye kibanda cha sungura, akaona kabichi na posho. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nilikuambia nyasi," alisema polepole.

"Nyasi iliua binti yangu."

"Njaa ndiyo ilimuua, mama. Huyu moja bado iko na pumzi. Toa hiyo chakula yote."

Elena alizunguka nyuma ya nyumba, akauleta ule mzigo, akazichambua nyasi, akaziweka mbele ya sungura wa mwisho kama mtu anayetega sumu. Sungura alikaa muda mrefu amejikunyata. Jioni akavuta unyasi mmoja, akatafuna. Akavuta mwingine.

Elena alilia, kwa aibu na kwa shukrani pamoja. Kisha akafuta uso, akapakua posho na maharage, akampelekea Keji palepale kibandani.

Keji aliitazama sahani. Akatazama pale walipofukiwa wale wawili. Akaisukuma sahani taratibu mpaka ikagusa magoti ya bibi yake.

"Hapana, haboba," alimwambia bibi, akinyoosha mkono kwenye mzigo wa nyasi. "Mimi nipe hii nyasi."