Kasuku Mwenye Glavu

Kasuku alikuwa mweupe, kishungi kimesimama, glavu nyekundu za ndondi kwenye mabawa, na Merrin Tolhurst alikuwa amemchora unyoya kwa unyoya. Hiyo ndiyo kazi yake ya mapenzi, isiyomlipa: anachukua picha za zamani za vita, anazipaka ndege za kivita za mchezo wa kompyuta alama zile zile zilizokuwa ubavuni mwa ndege halisi, kisha anamtafuta rubani mwenyewe, mtu aliyekuwa na mama na jina. Watu wa Perth na Poland wanazirusha ndege zake, wanaanguka, wanaanza upya.

Chini ya kasuku aliandika: Kelvin Pethybridge, aliyeanguka New Guinea, Agosti 1942. Ushahidi wake ulikuwa picha moja tu, aliyopewa na Nola, dada wa marehemu. Kelvin kaegemea pua ya ndege, anacheka, kasuku amechorwa juu ya kichwa chake. Nyuma ya picha ameandika: Mama, hii ndiyo yangu.

Jumatatu Clem Hargrave, mchoraji mwenzake, akampigia simu kutoka Hobart.

"Dada, umekaa?"

"Sema, usinizungushe."

"Nimekutumia picha. Ifungue."

Kasuku yule yule. Chini yake wanaume wamevaa kofia za karatasi, chupa za bia mkononi, na nyuma yao tawi la mti limepambwa kwa pamba. Pembeni imeandikwa: Krismasi 1942.

"Hiyo ni ndege nyingine," Merrin akasema haraka. "Walimchora upya."

"Haya. Tazama chini ya mguu wa kasuku."

Palikuwa na kiraka cha bati, kimekatwa upogo, mfano wa kiatu cha mtoto. Merrin alikijua. Alikuwa amekipaka rangi mwenyewe kutoka kwenye picha ya Kelvin, msumari kwa msumari.

"Ndege ya Kelvin iliteketea naye Agosti," Clem akasema. "Hii hapa iko kwenye sherehe."

"Huna haja ya kunichoma."

"Wewe ndiye unayetukaripia wote kwa kosa hili! Vijana wapya kikosini walipanga foleni kupiga picha na ndege yenye mchoro mzuri, wapate cha kumtumia mama. Kupiga picha na ndege si kuwa nayo. Leo umejikwaa mwenyewe, mwalimu."

Kanuni hiyo aliijua. Ila Nola alimpokea kwa keki na machozi, naye akataka sana iwe kweli. Na sasa Nola, mwenye miaka themanini na tisa, alikuwa ameagiza kibao cha shaba kwa ajili ya ukuta wa kanisa la Horsham, kwa sababu kaka yake hakupatikana hata mfupa. Jina, na kasuku juu yake. Ijumaa shaba inamiminwa. Merrin akinyamaza, hakuna mtu Horsham atakayejua kamwe.

Jumatano aliendesha gari hadi huko, mashamba meupe kwa barafu pande zote mbili.

"Umekonda, wewe mtoto," Nola akasema akimimina chai. "Hao wanaume wa kwenye kompyuta hawakulishi?"

"Bi Nola, ndege ile haikuwa ya Kelvin."

Akamweleza yote: kofia za karatasi, kiraka, foleni. Nola alisikiliza huku ameshika birika hewani, kama amesahau kuliweka.

"Kwa hiyo alimdanganya mama."

"Alikuwa na miaka ishirini."

"Alikuwa mwongo!" Akacheka, kicheko kikavu. "Baiskeli za watu alizipanda kijiji kizima, kila moja anasema yangu. Mama alikufa ameishika picha ile, unajua? Akasema angalau alikuwa na ndege nzuri." Kicheko kikakatika. "Sasa yake ilikuwa ipi?"

"Sijui."

"Si ndiyo kazi yako kujua?"

"Marubani wapya walipewa ndege kuukuu, zilizopakwa rangi juu ya majina ya wengine. Hakuna aliyepoteza filamu kuzipiga picha. Hata herufi ya ubavuni mwa ndege yake sijaipata."

"Ulinipa kaka yangu, Merrin. Nilikuwa nakutazama ukimrusha pale kwenye kioo cha kompyuta, nikasema kumbe bado yuko juu." Akaliweka birika. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Nola akamtazama bila upole. Kisha akavuta simu na kumpigia mfua shaba.

"Ruddick? Nola hapa. Yule ndege mtoe... Kasuku, ndiyo, mtoe... Hapana, usiweke msalaba. Wala maua... Basi pabaki wazi. Najua kibao kitaonekana kitupu kwa jina peke yake. Nimesema pabaki wazi."

Akaikata simu.

"Kunywa chai yako uende," akasema. "Barabara itaganda."

Merrin akainywa yote. Ilikuwa imepoa, na hakuna aliyeongeza sukari.