Mama Najua na Vidonge vya Wifi Yake

Fundi cherehani alikuwa na wiki moja tu tangu aanze vidonge vya sonona, na tayari wifi yake alishatoa hukumu. Mtaa mzima ulimwita wifi huyo Mama Najua, na hakuwahi kushtuka kwamba ni kejeli.

"Wiki nzima unameza, na bado umenuna! Mimi nikimeza dawa ya kichwa, kichwa kinapona hata sijafika mlangoni."

"Hii ni ya polepole, wifi. Daktari kasema inazuia zile kemikali za ubongo zinazopeleka habari zisifyonzwe haraka. Nafuu inachukua wiki kadhaa."

"Zinapeleka habari? Kumbe ubongo wako ni posta!"

Fundi akanywa funda la maji. Mdomo ulikuwa mkavu, tumbo lilimchafuka kila asubuhi, usingizi ulikuja vipandevipande. Mumewe naye alinung'unika kwamba siku hizi chumbani analala na gogo. Alishasahau kuwa mwezi uliopita gogo hilo lilikuwa likilia hadi alfajiri, yeye akikoroma. Daktari alimwonya fundi kuhusu yote hayo: mengi hupungua, yasipopungua arudi wabadilishe dawa, ila asiache ghafla. Naye hakutaka kuacha. Tangu azike mama yake hakuwa amekata hata mkono wa gauni, na wateja walishaanza kuja kuchukua vitambaa vyao.

Jumamosi walikwenda kuwatembelea wakwe wapya wa binti ya Mama Najua. Kabla ya kutoka, Mama Najua alizoa vidonge mezani na kuvitia mkobani.

"Nakuokoa, wifi. Utanishukuru."

Ukweni wakakaribishwa sebuleni. Mama Najua alianza kwa kujisifu, akapiga miayo katikati ya sifa, jasho likamtoka, kisha akatapika juu ya zulia jipya la watu.

Fundi akamshika kichwa. "Wifi, umekula nini?"

"Vile vyako vya furaha," Mama Najua akalia. "Viwili. Si nilitaka nichangamke mbele ya wakwe?"

Wakwe wakatazamana. Fundi akafungua ule mkoba, akatoa vidonge vyake, akaomba maji.

"Hiki ni changu cha leo," akasema, akameza mbele ya wote. "Na vingine havitoki tena mkononi mwangu."

Mama Najua alirudi mtaani akieneza kwamba ukweni walimlisha chakula kilichochacha. Fundi hakumbishia. Tumbo lake lilitulia, usingizi ukaanza kurudi. Mdomo ulibaki mkavu, kwa hiyo aliweka kikombe cha maji karibu na mashine. Mume aliendelea kununa. Fundi akamwambia kama amechoka kulala na gogo, waende wote kwa daktari akayaseme mwenyewe. Akapata kazi za ghafla.

Wiki zilipita, na asubuhi moja fundi akakata mkono wa gauni, kisha wa pili. Alipokuwa akiunganisha, Mama Najua akachungulia mlangoni.

"Unaona sasa? Si nilikwambia dawa hizi zinataka subira?"

Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu zote, ikavuma hadi hakusikia yaliyofuata.