Mkono wa Kulia

Dada yangu ni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo hulala mchana, nami muda wangu wa mazoezi ni huo huo. Chumba chetu ni kimoja, tumekigawa kwa pazia. Tangu nianze kujifundisha fidla, miaka sita sasa, nimekuwa nikichomeka kizibo cha mpira juu ya kidaraja kinachoinua nyuzi, ili sauti isifike hata mlangoni.

Nilikwenda kwa utaratibu. Skeli kwanza, kisha nyuzi mbili kwa pamoja, kisha oktavu, mpaka vidole vikaijua njia vyenyewe. Mwaka huu nikajiandikisha kwa mtihani wa daraja la mwisho. Shule ya muziki ilishaniambia: nikifaulu, nafasi ya ualimu ni yangu, nikianguka, anapewa mwingine.

Wiki moja kabla, nilikwenda kwa mama mmoja ambaye angenipigia piano siku ya mtihani. Nikatoa kizibo, tukaanza. Ukurasa wa pili akasimama.

"Mwanangu, mkono huo unakuuma?"

"Hapana, mama."

"Maana wa kushoto ni profesa mzima. Huu wa kulia, unaovuta upinde, unabembeleza mtoto alale. Hebu ukandamize kwenye nyuzi."

Nikakandamiza. Fidla ikakwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni.

"Tena."

Ikakwaruza tena. Safari hii hakutania. Alikitazama kizibo pale mezani.

"Unapiga ukiwa na hiki mara ngapi?"

"Siku zote."

Akafunika piano polepole. "Kinameza mikwaruzo yote. Mkono wako haujawahi kujisikia. Hiyo ni kazi ya mwaka, si ya wiki."

Wiki ndiyo niliyokuwa nayo. Niliimalizia nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, nikivuta sauti moja ndefu, saa baada ya saa. Siku ya mtihani, mtahini alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaandika mengi.

Niliporudi na karatasi ya matokeo, dada alikuwa anavaa viatu vya kazini.

"Eh, mtaalamu! Wamesemaje?"

"Nimeanguka."

Akakaa kitandani, kiatu kimoja mkononi. "Jamani. Umekosea wapi?"

"Vidole," nikasema. "Viliteleza."

"Pole, mdogo wangu. Basi ongeza mazoezi mchana. Wala hunisumbui. Sijawahi hata kukusikia."

Nikaikunja karatasi kabla hajaomba kuisoma.