Jino la Mpiga Tarumbeta

"Ng'oa lolote, mwanangu, ila hilo niachie," mpiga tarumbeta alisema, mara tu daktari wa meno alipotoa kioo chake kinywani.

Lilikuwa jino la mbele, la juu, na lilikuwa linacheza. Kwa miaka arobaini tarumbeta lilikuwa limeegemea hapo; jino likitoka, na upigaji wake umekwisha. Bendi yenyewe ilibaki na wazee watatu, na Jumamosi walikuwa na harusi.

Daktari, binti ambaye huenda mzee huyu ndiye aliyewapigia tarumbeta wazazi wake siku walipooana, hakugusa koleo. Aliuliza mbona fizi zimevimba kinywa kizima. Mzee akalisingizia tarumbeta. Daktari akauliza kama mdomo humkauka. Mzee akacheka: mdomo mkavu haupigi tarumbeta, ndiyo maana mwalimu wake alimfundisha kutembea na pipi mfukoni, moja kabla ya kila wimbo. Siku hizi humaliza pakiti nzima kabla bibi harusi hajaketi.

Na haja ndogo, je? Mara ngapi?

Mzee alimkumbuka mdogo wake, mpiga ngoma wao. Kila wimbo ukiisha alitoka mbio kwenda chooni, akirudi anagugumia maji, nao wakambandika jina la Bomba. Walivyomcheka! Enzi hizo bendi ilikuwa na watu kumi na wawili, makoti mekundu, na utani njia nzima. Bomba alianguka siku moja mazoezini, akafa, na hawakujua hata alichougua. Hakuna siku mzee alizozipenda kama zile za makoti mekundu.

Daktari alimchoma kidole, akakisoma kipimo mara mbili. Sukari ilikuwa juu mno. Alimwandikia barua ya kwenda hospitali leo hii, akamweleza kwamba sukari ikishuka na fizi zikisafishwa, jino linaweza kushika tena.

Hilo ndilo alilolifuata, lakini hakulifurahia.

"Ungemwona marehemu mdogo wangu, aliyekuwa na kiu na mbio za chooni, ungejua?"

"Huenda. Aliwahi kwenda kwa daktari wa meno?"

"Aende kufanya nini? Meno yake yalikuwa mazima yote."

Mzee aliikunja barua, akaikunjua tena. Alitaka kumwomba mtu radhi kwa vile vicheko, na chumbani hamkuwa na mtu ila binti yule, anavua glovu.