Malisho ya Akiba

Kompyuta ya Ruqiya iliharibika siku ambayo haikutakiwa kuharibika. Tena haikuzimika kabisa, afadhali ingezimika mtu ajue moja. Ilikuwa inawaka, inaonyesha kile kiduara kinachozunguka, kinazunguka weee, halafu kioo kinageuka buluu na kuandika maneno ya kuomba radhi. Radhi ya nini? Humo ndani ndimo ilimokuwa tasnifu yake, na chuo kilikuwa kimesema mwisho wa kuipokea ni leo saa kumi na mbili jioni, atakayechelewa angoje mwaka ujao. Ruqiya alikuwa amekwisha kuungoja huo mwaka ujao mara mbili. Mara ya kwanza alijifungua mapacha, mara ya pili, mapacha wameshakua kidogo, alifiwa na mama. Ya tatu hakuwa na nguvu nayo.

Utasema angeweka nakala mahali pengine. Haya, sema. Sura za mwanzo alikuwa nazo msimamizi wake, lakini zile mbili za mwisho, alizoziandika kwa kuiba usingizi baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, zilikuwa humo tu. Mwalimu wa shule ya kutwa hapa Garissa, mume dereva wa lori ambaye wiki nzima yuko njia ya Mandera, watoto wawili wa umri mmoja, na baba mzee ndani ya nyumba. Hiyo nakala angeiweka saa ngapi?

Alimpigia simu binamu yake Najib, fundi wa kompyuta kule Eastleigh.

"Abaayo, dada yangu, usipaniki," Najib alisema, kwa ile sauti ya watu wasiopoteza kitu. "Hiyo mashine ina njia yake ya kujirudisha. Kuna sehemu ndani imetengwa, imewekwa mfumo mzima wa akiba. Izime, uiwashe, na ubonyeze kile kibonye nitakuambia. Itajirekebisha, na mafaili zako hazitaguswa. Ni kitu rahisi."

Ruqiya alibonyeza. Kioo kikamjibu kwamba sehemu ya kurejesha mfumo haikuonekana. Akazima, akawasha, akabonyeza tena. Haikuonekana. Akachomoa waya, akapangusa jasho kwa ncha ya ushungi, akarudia. Haikuonekana.

"Haikuonekana maana yake nini, Najib? Imeenda wapi? Imeenda kuoga?"

"Aki hata mimi sielewi. Hiyo kitu haipotei hivi hivi. Tafuta mtu ana flashi iko na mfumo, tuingilie huko."

Akaenda kwa Hinda, mwalimu mwenzake, mitaa miwili kutoka kwake, kwenye jua lile la Garissa linalomfanya mbuzi asimame kwenye kivuli cha ukuta na kukataa kufukuzwa. Akarudi na flashi mkononi na kichwa kinamgonga. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, umerudi, na feni ilikuwa inazunguka kivivu kana kwamba nayo ina tasnifu. Baba yake, mzee Abdijabar, alikuwa ameketi kwenye mkeka na chupa yake ya chai, anamtazama.

Kwa flashi ile mashine ilikubali kufunguka kidogo. Najib akawa anamsomea maneno ya kuandika herufi kwa herufi, naye anaandika, anakosea, anafuta, anaandika upya, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Mwisho ikaja orodha ya vyumba vya diski. Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa pomoni, ndiyo sababu mfumo ulijikwaa wakati wa kujiboresha. Cha pili ndicho kile kilichotengwa.

"Angalia ndani iko na nini," Najib alisema.

Ndani hamkuwa na mfumo wowote. Mlikuwa na faili za sauti, moja baada ya nyingine, zimepewa majina kwa Kisomali safi: Ngamia wakifika kisimani. Ngamia wakinywa. Ngamia wakirudi usiku. Ngamia jike aliyepoteza ndama.

Ruqiya aligeuka polepole. "Aabo. Hii kompyuta umeigusa?"

"Nimeigusa," mzee alisema bila wasiwasi.

Na kwa nini awe na wasiwasi? Abdijabar alikuwa karani wa ofisi ya soko la mifugo Griftu miaka mingi, amepiga chapa barua kwa taipu kabla bintiye hajajua kusoma. Ngamia wake walimalizwa na ukame, mkewe akamfuata Mola wake, na watoto wakamleta Garissa akae kwa Ruqiya. Asubuhi, mapacha wakiwa dugsi wanasoma Kurani na mama yao yuko kazini, nyumba ilikuwa yake peke yake. Ruqiya alidhani saa hizo anasikiliza mawaidha redioni. Kumbe alikuwa anaiimbia kompyuta. Alikuwa anaiwekea mashine zile nyimbo za kunyweshea ngamia, za kila ngamia wake kwa jina lake.

"Siku moja ikaniambia imejaa," mzee alieleza. "Nikatafuta. Nikakuta kuna sehemu kubwa imezungushiwa ua, haitumiwi na mtu, inasema isiguswe mpaka siku ya shida. Nikaelewa mara moja. Ni malisho ya akiba."

Hilo Ruqiya alilielewa, maana alizaliwa Griftu na anajua. Mvua zikinyesha, wazee hutenga kipande cha pori, na mnyama haingii humo, hata mbuzi mmoja, hata wa mwenye nguvu. Nyasi zinakauka zikiwa zimesimama. Ukame ukiuma, wanakaa, wanakubaliana, wanafungua.

"Mimi nilikuwa na shida," mzee alisema. "Nikafungua. Vilivyokuwamo nikaviondoa, sikuona kama vina faida."

"Aabo!" Ruqiya alipiga paja. "Ukame wenyewe ni leo! Leo!"

Mzee akatazama kikombe chake. Kutoka kwenye simu Najib alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka.

"Sikia, abaayo. Kazi yako iko salama, iko kwa hicho chumba cha kwanza. Lakini hiyo flashi imejaa, haibebi kitu kingine, na mfumo mpya lazima upate nafasi ya kukaa, na hapo hakuna. Itabidi tufute hicho cha pili tukiunganishe. Kazi yako tutaikuta. Zile za mzee zitaenda. Ama ukimbie mjini ununue flashi ingine kubwa, uzitoe kwanza."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Kwenda mjini, kurudi, kukaa kusubiri sauti zote zile zihame kwa mwendo wa kompyuta iliyo mgonjwa, halafu ndipo mfumo uanze. Labda muda ungetosha. Labda. Ruqiya aliwaza kuvaa viatu tena na miguu yake ikakataa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amechoka hoi, amechoka mpaka kwenye mifupa, uchovu ambao haukuanza leo wala jana.

"Futa, aabo," mzee alisema. Ndivyo baba wa Kisomali anavyomwita mtoto wake, kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Mimi mwenyewe si niko hapa? Nitaimba tena."

Ruqiya alimtazama. Mwezi uliopita alimkuta kasimama mlangoni anauliza mama yenu mbona hajarudi kutoka sokoni. Juzi mzee alimwita Ruqiya kwa jina la dada yake kutwa nzima. Alijua. Tusidanganyane, alijua kabisa, na vidole vyake vikaenda kwenye kibonye. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akasema ana hakika.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Kile kimstari kilisogea kidogo kidogo mpaka mgongo ukamuuma, akaswali, akarudi, kikawa bado kinasogea. Halafu kompyuta ikafunguka, mpya, tupu, na kwenye kona moja ikiwa imemhifadhia mafaili yake ya zamani, sura mbili zikiwemo, herufi zote mahali pake. Aliituma tasnifu nzima kwa bando la simu. Ukurasa wa chuo ukaandika kwamba kazi yake imepokelewa. Alitarajia atapiga vigelegele. Alilala chali kwenye mkeka, akasema alhamdulillahi, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

Baadaye kidogo aliinuka, akachukua simu, akaiweka mbele ya baba yake na kuiwasha ili irekodi.

"Haya, Aabo. Imba. Safari hii ninakuhifadhia mwenyewe."

Mzee akafurahi. Akakohoa, akajiweka sawa, akafumba macho. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko Ruqiya alivyoikumbuka. Akamwita Adey, yule mweupe, anywe kwanza kwa sababu ndiye mkubwa. Akamwita Ayro, akamsifia shingo yake. Kisha akanyamaza. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Akarudi kwa Adey, akamfikia Ayro, akanyamaza pale pale.

Akafumbua macho.

"Huyu wa tatu, aabo," alisema, "huyu anayekuja baada ya Ayro. Ni nani? Wewe ulikuwa unanisikia kila Jumamosi nikiimba, ukiwa chumbani unaandika."

Alikuwa anamsikia, ndiyo. Alikuwa anainuka na kwenda kufunga mlango.

"Anza tena, Aabo," Ruqiya alisema. "Atakuja."

Mzee akaanza tena kwa Adey.