Sehemu ya Santina

Waumini wa kigango cha Lurujo waliporudi mwaka 1987 kutoka Zaire, walikokimbilia vita, walikuta kanisa lao limebaki kuta, na ndani mtama umejiotea bila aibu. Wakakubaliana kuezeka kwa desturi ya zamani, kila nyumba na sehemu yake ya paa: wanawake wakate nyasi, mwanamume wa nyumba apande juu kuziezeka. Ukikaa chini unajua ya nani inavuja, na watu wa Lurujo hawaoni haya kukuambia.

Santina alirudi peke yake. Mumewe na mtoto wao mchanga aliwazika ng'ambo. Alikata nyasi siku nne, akazifunga vizuri kuliko wote. Kisha katekista Yakani, mtu mwema ila hajui kupima maneno, akamshauri sehemu yake iunganishwe na ya shemeji yake Kenyi, kwa kuwa mtu mmoja si nyumba.

Neno lile lilimchoma moyo. Katika kanisa alilobatiziwa na kufungia ndoa, nyumba yake ingefutwa akiwa hai, anaangalia.

Siku ya kuezeka alikaa kando ya mafungu yake, paa likijaa kote isipokuwa pale pake. Ndipo akaja jirani yake Umaru, Mwislamu, mwanajeshi wa zamani, pamoja na binti yake Medina wa miaka saba. Akavua viatu, akapanda. Wazee wakamtania, wakauliza amebatizwa lini. Yakani akamkumbusha kwa upole kwamba pale hupanda mtu wa nyumba.

Umaru akajibu kutoka juu, taratibu.

"Mama ya huyu mtoto alikufa njiani tukikimbia, mpaka tumeshavuka, siku tatu tu amezaa. Santina alikuwa ametoka kuzika wake. Maziwa ile, Medina ndiyo alikunywa. Kwa sisi Waislamu, mtoto akinyonya wewe, iko mtoto yako. Basi nyumba iko na watu wawili. Mimi iko baba ya mmoja."

Yakani akaenda kushika ngazi.

Miaka yote ile Santina alikuwa amejizuia kumwita Medina mwanawe, akiogopa kuonekana ananyang'anya mtoto wa watu. Sasa alilia mbele ya kigango kizima wala hakujifuta. Akainama kwenye fungu la kwanza.

"Mtoto yangu," alisema, "shika upande ule."